Saa Moja na Nusu ya Mbingu Safi

Yvypytã, Jumapili, 31 Agosti 2008

Dada Zunilda,

Mzigo umefika. Dereva wa basi aliushusha kwa mikono yake mwenyewe kama anayeshusha mgonjwa. Akaniambia, "Dada yako kanitishia. Kasema nikiudondosha nisikanyage tena Buenos Aires." Nilicheka mpaka Osmar akaamka mgongoni. Ana miezi saba sasa, na akianza kulia hata kuku wa jirani hunyamaza.

Kompyuta nimeiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani, chini ya kile kioo kikubwa cha mama mkwe. Nimeiwasha. Ikaguna, feni ikazunguka, halafu yakatokea maneno meupe kwenye giza yanayosema hakuna mfumo. Arami akaniuliza, "Mama, imekufa?" Nikamwambia imelala. Mtoto wa miaka minne unamwambia hivyo. Wewe niambie kweli: imekufa?

Nakuandikia kwa sababu simu hula salio kabla sijamaliza kukusalimia, na ili niupate mtandao lazima nipande kilima cha makaburini na mtoto mgongoni. Afadhali karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati ya wakulima wa ufuta inatafuta katibu. Kampuni inayonunua ufuta haitaki tena madaftari yaliyoliwa na mende. Inataka orodha ya wanachama kwenye kompyuta, kabla ya kugawa mbegu. Don Virgilio, mwenyekiti, alikuja akasimama mlangoni kofia mkononi. "Nimia," akasema, "una mwandiko mzuri na nasikia unaletewa mashine. Tarehe mosi Oktoba nitapita hapa. Nikiiona orodha kwenye skrini, kazi ni yako. Nisipoiona, naipeleka mjini kwa mpwa wa Don Crispín."

Ni kazi ya kufanyia nyumbani, dada, watoto wakinizunguka miguuni. Nikiikosa, nakuja huko kwa yule bibi uliyenitafutia mtaa wa Caballito, nilee mtoto wake huku wangu nimewaacha kwa mama mkwe, Ña Deolinda. Unajua mshahara wa mume wangu Eladio huko ranchi ya Chaco. Huja kila miezi mitatu ananuka farasi, hukaa siku nne, na nusu ya hizo siku anaziba paa.

Juzi nilikuwa namenya muhogo na mama mkwe. Akasema bila kuniangalia, "Wanawake wote wa hapa huenda. Kwenda si kufa." Akaendelea kumenya. Nimeelewa. Anataka niende.

Mimi sitaki. Nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Mdogo wako,
Nimia


Buenos Aires, 5 Septemba 2008

Nimia wewe,

Haijafa. Haina mfumo endeshi, basi. Ofisini ninakosafisha waliifuta yote kabla ya kunipa, wasije wakanipa na siri zao. Kwa hiyo unayo nyumba yenye milango na jiko, lakini hamna mtu ndani wa kuwasha moto. Mfumo ndiye mwenye nyumba. Yeye ndiye anayejua kibodi kasema nini na skrini ionyeshe nini.

Kuna fundi pale ofisini, dada mmoja anaitwa Mirta, ambaye mimi huficha biskuti za wakubwa nikampa yeye. Kanichomea sidii iliyomo humu kwenye bahasha. Ni mfumo wa bure, halali kabisa, hakuna wa kuja kukukamata, kwa hiyo acha kuogopa kabla hujaanza. Nakujua.

Iweke sidii, zima mashine, washa tena, ubonyeze F12 mfululizo kama unamgongea mtu mlango. Chagua sidii. Itakuuliza mambo madogo madogo: lugha, kibodi, unakoishi, jina lako. Halafu itakuuliza kama ifute diski yote. Mwambie ndiyo, humo hamna kitu. Kisha utaona mstari unajaa polepole. Mirta anasema kwa ukongwe wa hiyo mashine itachukua saa moja na nusu. Na hapa nisikilize vizuri maana husikilizi: mstari ukishaanza kujaa, umeme usikatike hata kidogo. Ukikatika, unarudi mwanzo.

Bibi wa Caballito atakungoja mpaka tarehe tatu Oktoba, baada ya hapo anachukua mwingine. Nimemwambia u msafi na huamki umechelewa. Kitanda nimeshakutafutia, nimekiweka karibu na changu. Sikutishi. Nakuambia tu kipo.

Zunilda


Yvypytã, Alhamisi, 11 Septemba 2008

Dada,

Imenishinda, na sijui kilichonishinda ni nini.

Nilianza Jumatatu baada ya chakula, Osmar kalala na Arami yuko kwa mama mkwe anapembua maharage. Nilibonyeza F12 mpaka kidole kikauma. Ikakubali! Rangi zikatokea, na mshale ukanifuata mkono. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Ikaniuliza lugha, nikajibu. Ikaniuliza ninakoishi, ikaniletea ramani ya dunia nzima. Hapo nilikaa kidogo. Mashine imetoka kwenu, nikajiuliza, je, inataka niiambie Buenos Aires au Asunción? Ukicheka, cheka. Nikabonyeza Asunción, lakini nikajiona kama nimemdanganya mtu.

Mstari ukaanza kujaa. Asilimia tano. Kumi na mbili. Niliutazama kama maziwa jikoni. Ulipofika arobaini na moja nikasikia ngurumo upande wa kaskazini, na nguo zote za mtoto zilikuwa kwenye kamba. Nikakimbia kuanua, halafu Osmar akaamka, nikamnyonyesha palepale uani chini ya paa. Mvua yenyewe haikunyesha hata tone, lilikuwa wingu la kupita.

Nikarudi, nikakuta giza. Mashine imezima, waya uko ukutani kama nilivyouacha, taa ya sebuleni inawaka vizuri. Nikamuuliza mama mkwe, "Umeme ulikatika?" Akasema, "Haukukatika." Alikuwa anakunja lile shuka lake analolitandaza juu ya kioo kila wingu likitokea, ile mila yake.

Nikawasha tena. Maneno yaleyale meupe: hakuna mfumo. Waulize hao wataalamu wako, mashine inaweza kujizima yenyewe kwa kuchoka? Mimi nikichoka huwa sizimi.

Nimia


Buenos Aires, 15 Septemba 2008

Mdogo wangu,

Mirta anasema mashine haijizimi kwa kuchoka, ila feni ikiziba mavumbi hujizima kwa joto. Ifungue ubavuni, ipulize. Usitumie mate wala kitambaa kibichi, nakuomba. Inawezekana pia sidii ina mkwaruzo, kwa hiyo nakutumia nyingine. Ishike pembeni kama unavyoshika tortilla ya moto kutoka kikaangoni, usiishike usoni.

Na safari hii usitoke. Nguo zilowe. Mtoto alie. Kaa hapo hapo mpaka mia.

Nikuulize kitu, na usinikasirikie. Bibi wa Caballito kaniuliza jina lako kamili ili aandike kwa dereva wa mpakani. Nimpe? Ukija hutateseka, Nimia. Jumapili tutakwenda bustanini, kuna Waparagwai wengi, wanauza mikate ya chipa, wanapiga kinubi. Mimi kila Jumapili huenda peke yangu.

Haya, jaribu tena kwanza.

Zunilda


Yvypytã, Jumamosi, 20 Septemba 2008

Dada Zunilda,

Nimempata mchawi wangu. Yuko humu humu ndani.

Jana asubuhi niliifungua mashine, nikaipuliza, mavumbi ya ofisi yenu yakanijaa puani. Nikaweka sidii mpya, nikaanza. Nikakaa. Mstari ukapita arobaini na moja, nikaupigia makofi. Ukafika sitini. Ngurumo zikaanza, sikuinuka, nguo zikabaki kambani. Ulipofika sabini na moja, Osmar alijichafua mpaka shingoni, hicho ndicho kipimo chake. Dada, mimi si jiwe. Nikamchukua mbio hadi kwenye pampu, nikammwagia maji, nikarudi mbio. Hata dakika tano hazikutimia.

Nikamkuta Ña Deolinda kasimama mbele ya ukuta, kioo kimefunikwa shuka, na kichwa cha waya kiko mkononi mwake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachomoa."

"Kwa nini unachomoa?"

"Radi."

"Radi iko Brazil huko, mama! Hata mvua hakuna!"

"Radi haina mbali."

"Na ile Jumatatu?"

"Ile Jumatatu pia. Wingu lilipopita nikarudisha." Kasema hivyo, dada, uso mkavu kabisa, kama anasema karudisha kifuniko cha sufuria.

Sijawahi kumwinulia sauti mama wa mume wangu. Jana nilimwinulia. Nilimwambia, "Kama unataka niende, nifungie tu mzigo! Nifungie mzigo, usinichezee hivi!" Arami akaanza kulia. Mama mkwe alitoka kwenda kufungia kuku, saa tano ya asubuhi, kuku wenyewe wakamshangaa.

Tangu hapo hatujanywa ile chai yetu ya baridi, tereré, kwa kikombe kimoja. Kila mtu na kikombe chake na maji yake, kama wageni kituo cha basi.

Zimebaki siku kumi na moja. Jina langu usimpe huyo bibi bado. Lakini usilifiche mbali.

Nimia


Yvypytã, tarehe 21

Zunilda mwanangu,

Nakuandikia mimi Deolinda mama yake Eladio. Mwandiko wangu unausamehe nilisoma darasa mbili. Barua nampa dereva mwenyewe Nimia hajui.

Wewe ndiye ulileta mashine basi mimi nakuuliza wewe. Yeye siwezi kumuuliza kanikasirikia na ana haki.

Mwaka umeme ulipoingia huku tulinunua redio. Dada yangu Blásida alipenda sana redio. Siku moja radi ilikuwa mbali sana tukasema iache iimbe. Iliingia kwa waya. Redio iliungua na mkono wa Blásida ulikuwa juu yake. Kioo kile ni chake. Sijawahi kumsimulia mtu hata Eladio anajua shangazi alikufa kwa homa.

Nimia anakaa mbele ya hiyo mashine na mtoto kifuani. Wingu likija mimi sioni mashine naona redio.

Anafikiri nataka aende. Nilimwambia kwenda si kufa kwa sababu nilitaka nijizoeze mimi mwenyewe. Akienda hawa watoto watalia na mimi nitalia zaidi yao na mimi si mtu wa kulia.

Sasa niambie. Hiyo kazi inataka muda gani bila kuchomoa. Niambie saa ngapi. Mbingu za hapa nazijua miaka sitini na mbili. Ukiniambia muda mimi nitamtafutia.

Deolinda


Buenos Aires, 25 Septemba 2008

Nimia,

Humu ndani mna karatasi mbili. Ile iliyokunjwa mpe mama mkwe wako, usiifungue. Hii yako isome umekaa.

Muulize Blásida ni nani. Muulize taratibu, na uwe umemtengenezea tereré kwanza, ya maji baridi hasa, na mnanaa. Mengine atakuambia mwenyewe, si yangu kukuambia. Halafu muulize ni lini mbingu itakuwa safi kwa saa moja na nusu.

Na mimi nina la kukiri, kwa kuwa naona ni msimu wake. Nilikutumia mashine kwa moyo mmoja. Lakini ulipoandika kwamba imeshindikana, jioni ile nilitandika kile kitanda shuka mpya. Nilifurahi, Nimia. Ndugu yako wa damu alifurahi wewe kushindwa, kwa sababu amechoka kula peke yake. Nimelitandua shuka leo.

Usije. Shinda.

Mtu wa kumwamini kwenye hiyo nyumba ni huyo uliyemfokea.

Zunilda


Yvypytã, Alhamisi, 2 Oktoba 2008

Dada yangu Zunilda,

Kaa chini na wewe. Chukua maji ya kunywa. Naandika na Osmar kalala mapajani, basi herufi zikipanda na kushuka ni pumzi zake.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nilitengeneza tereré, nikampelekea mama chini ya paa la uani. Alinitazama, akakitazama kikombe, akapokea. Nikamuuliza Blásida ni nani. Alikunywa mpaka maji yakaisha kwenye jagi. Halafu akanisimulia yote, na mimi nililia kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona hata kwa picha. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Uliyoyasema yalikuwa ya hasira. Niliyoyafanya yalikuwa ya woga. Tumelipana."

Kisha akafungua karatasi yako, akaisoma kwa kidole, akasimama katikati ya uwanja akinusa kama mbwa wa ng'ombe. "Leo hapana," akasema. "Upepo bado wa kaskazini, na goti langu linawaka. Usiku huu itanyesha. Kesho saa tatu upepo utageuka wa kusini, na ukigeuka hutasikia ngurumo siku tatu. Unataka saa moja na nusu? Nakupa siku tatu."

Dada, ilinyesha usiku. Na Jumapili saa tatu na dakika chache, upepo ukavuta mapazia upande wa pili, baridi ikaingia, na mbingu ikawa kama bakuli lililosuguliwa.

Hakwenda kanisani. Alichukua kiti, akakiweka mbele ya soketi, akakaa akaipa mgongo, ufagio magotini. Jirani alikuja kuomba kuchaji simu. "Rudi baadaye," akamwambia, "huku tunazalisha." Jirani akaenda kumwita mkewe! Walikaa wote dirishani.

Iliponiuliza ninakoishi, nikabonyeza Asunción kabla ramani haijamaliza kutokea.

Ishirini. Arobaini na moja. Hapo mama akauliza, "Ni hapa?" Nikasema ni hapa. Akapiga ishara ya msalaba. Hamsini. Sitini. Osmar akalia, na mama, bila kuinuka kitini, akanyoosha mikono: "Mlete huku. Wewe kaa hapo." Akambembeleza kwa mkono mmoja, ufagio kwa mwingine. Sabini na moja. Themanini. Tisini ikakaa sana, nikadhani imekwama, nikasikia jirani dirishani anasema, "Sukuma, binti!" Nikacheka nikashindwa kujizuia. Tisini na sita. Mia.

Ikaitema sidii yenyewe kama mtoto aliyeshiba. Ikazima, na mama akaruka: "Si mimi! Sijagusa!" Ikajiwasha. Ikapiga ngoma kidogo, ikaandika jina langu katikati ya skrini. Jina langu, dada, na chini yake nafasi ya kuandika neno la siri. Arami akasema, "Imeamka."

Siku tatu zile alizonipa mama nilizitumia zote. Wanachama sitini na watatu, majina, vitambulisho, hekta za kila mtu, kwa vidole viwili. Osmar aliongeza mwanachama wake mwenye herufi j kumi na nne, nikamfukuza kwenye kamati.

Sasa sikia ya jana. Tarehe mosi Oktoba, unajua siku gani. Tangu alfajiri mama alikuwa na sufuria kubwa kuliko zote, jopara ya mahindi na maharage mpaka ukingoni, ili yule mzee wa Oktoba wa hadithi, mwenye kofia ya ukindu na mjeledi, anayepita siku hiyo kuziletea njaa nyumba zenye sufuria tupu, akichungulia asiwe na la kusema. Don Virgilio akaja na Don Crispín. Na pamoja nao likaja wingu. Siku tatu zilikuwa zimetimia.

Nikafungua orodha. Don Virgilio akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Don Crispín akasema, "Hata mpwa wangu anaweza hivyo." Na hapo hapo radi ikapiga, si ya mbali, ya kwetu. Nikamwona mama. Mkono ulikuwa umeshafika ukutani, umeshika kichwa cha waya. Hakuchomoa. Ananitazama mimi. Ananingoja mimi, dada!

"Mama," nikamwambia, "nipe dakika moja."

"Chukua," akasema.

Nikahifadhi, nikafunga, nikaizima kwa adabu yake. Ilipokuwa giza nikasema, "Sasa, mama." Akachomoa, akatandaza shuka kwenye kioo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Wageni, karibuni mle."

Don Crispín akacheka. "Ndiyo basi! Mmechomoa waya, orodha imeenda na maji. Mjini hatuchomoi."

"Kula kwanza," mama akamwambia. "Mwenye njaa huongea sana."

Tulikula, mvua inapiga bati. Nilikula huku nimekosa ladha. Nilijua imehifadhiwa, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Saa nzima. Mvua ilipokata, mama akatoka uwanjani, akanusa, akarudi, akauchomeka waya yeye mwenyewe. "Iamshe," akaniambia.

Ngoma. Jina langu. Neno la siri. Nikafungua.

Sitini na watatu, dada. Wote, toka wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio wa herufi, hakuna hata mmoja aliyelowa! Don Virgilio akalitafuta jina lake, akaliwekea kidole kwenye skrini, akaacha doa la mafuta ya jopara ambalo sijalifuta mpaka sasa. Akamgeukia Don Crispín: "Mpwa wako huwa anachomoa wakati wa radi?"

"Hapana."

"Basi siku moja mashine yake itaungua na orodha yetu ndani. Katibu ni huyu."

Don Crispín akaomba jopara ya pili. Tulimpa. Tulikuwa nayo ya kutosha.

Kile kitanda ulichokitandua kifunge, ukilete Krismasi. Cha kwako hapa kitakuwa karibu na cha kwangu. Na usile peke yako Jumapili hii. Mwite Mirta, mpikie, mwambie ni mimi nimemwalika.

Neno langu la siri ni Blásida. Nakuambia wewe tu, na mama anajua maana yeye ndiye aliyelichagua. Sasa hivi anasema nimwachie nafasi chini.

Mdogo wako, katibu wa kamati ya ufuta,
Nimia

Zunilda mwanangu mwambie yule bibi wa Caballito atafute mtu mwingine. Huyu ni wangu. Deolinda